Kabla ya Kukimbia Moshi, Kagua Sufuria na Mfuko wa Dawa

Wanaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hupenda kuulizana habari za viatu. Mimi huwauliza wamekuwa wakila nini tangu Krismasi.

Ukikimbia, hasa kwenye mteremko, nyuzi za misuli huchanika kidogo kidogo. Damu humiminika pale pamoja na chembe nyeupe, panavimba, na maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu. Uvimbe huo ndio fundi mwenyewe. Ukimfukuza mapema, nani atajenga? Hata chembe sahani, tunazozijua kwa kugandisha damu, hutoa protini zinazoamsha ukarabati.

Ndiyo maana naanza na mfuko wa dawa. Aspirini ikishainasa chembe sahani na kuizuia kufanya kazi yake, haiiachii mpaka ife, na chembe hiyo huishi siku 7 hadi 10. Athari ya kidonge cha Ijumaa bado imo kwenye damu yako Jumapili ya mbio. Ibuprofeni huachia baada ya saa kadhaa, ila ukiimeza huku jasho limekukausha, figo ndizo zinazoumia. Kuna wanaoimeza kabla ya mbio eti wayawahi maumivu. Tabia hiyo siipendi hata kidogo. (Kama aspirini uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, usiiache kwa kusoma haya, kamuulize yeye.)

Chakula hakina haraka hiyo. Mafuta ya omega-3 yaliyomo kwenye dagaa na vibua huingia katika kuta za chembe za mwili polepole, kwa wiki kadhaa, yakipunguza ukali wa uvimbe na kunata kwa chembe sahani. Anza basi mwezi mzima kabla. Sahani moja ya dagaa usiku wa kuamkia mbio ni kitoweo tu. Manjano, ambayo nayo husifiwa kwa kupoza uvimbe, peke yake hufyonzwa kwa shida, pilipili manga huisaidia. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, lakini vidonge vyake vilivyokolezwa si vya mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au anayesubiri upasuaji. Anayetumia wafarini, mojawapo ya dawa hizo, asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha au kisamvu anachokula, kwa sababu ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda.

Protini ndiyo wengi wanayoipunja. Mtu wa kilo 60 anayefanya mazoezi makali anahitaji karibu gramu 95 kwa siku, na wengi huzitafuta zote kwenye nyama ya jioni. Zigawe: mayai matatu na glasi ya maziwa asubuhi ni kama gramu 25, maharage mchana, samaki usiku. Ugali na wali usivikimbie, maana ndivyo vinavyojaza akiba ya nguvu kwenye misuli. Chai ya rangi isogeze mbali na mlo, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Vidonge vikubwa vya vitamini C na E viache dukani. Vinaweza kuupunguzia mwili faida ya mazoezi yenyewe.

Jumamosi jioni chemsha mayai, funga na ndizi mbivu, umpe mtu atakayekusubiri mwisho wa mbio. Bia ya kusherehekea hupunguza kasi ya misuli kujijenga, kwa hiyo mayai yatangulie.