Kuzunguka Mafia: angalia maji kwanza, barabara baadae

Wengi wakitaka kuja Mafia wanafungua ramani kwenye simu wanahesabu kilomita, wanaona kisiwa kina kama kilomita 50 tu kwa urefu basi mtu anasema siku mbili nakimaliza. Ndugu yangu huku safari inapangwa kwa maji ya bahari kujaa na kutoka.

Kama hupandi ndege, panda gari za Nyamisati, bandari ya kuvukia, pale Mbagala Rangi Tatu Dar, zinashuka na barabara ya Kilwa mpaka Bungu halafu zinakata kushoto kuelekea baharini. Saa ya chombo kuondoka ulizia siku moja kabla, usibahatishe. Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unavuma kweli kweli, kama bahari inakusumbua usijishindilie wali kabla ya kupanda.

Unashukia Kilindoni, ndo mjini, na hela toa hapo hapo maana mbele huko ni keshi. Barabara za maana ni mbili. Ya Utende ni lami, kama kilomita 14, boda au bajaji inakufikisha fasta, na kule mwisho kuna geti la Hifadhi ya Bahari (ipo tangu 1995) wageni wanalipia. Ya pili inapanda kaskazini, Baleni, Kirongwe, Kanga hadi Bweni na Ras Mkumbi kwenye mnara wa taa wa zamani. Hiyo usiilinganishe na ya Utende, kuna mchanga na vumbi na masika matope, kwahiyo ondoka asubuhi, patana na boda kwenda NA kurudi, ukimwachia akuache Bweni jioni utalala hukohuko.

Sasa maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa na kutoka kuliko siku nyingine, yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa (yanatoka) karibu saa nne. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Ukijua mwezi uko wapi huhitaji programu yoyote, na ukikosea muulize mvuvi yeyote atakujibu bila hata kuangalia bahari.

Ina kazi gani? Pale Utende ndo unavukia kisiwa cha Chole, mashua za abiria zipo, nauli ndogo ukipanda na wenyeji, ukikodi peke yako ni bei nyingine kabisa. Maji yakiwa yamekupwa chombo kinakaa mbali unakifuata kwa miguu huku umekunja suruali na begi kichwani, so vaa ndala na simu weka kwenye mfuko wa nailoni. Chole kwenyewe hakuna gari, ni vijia tu na baiskeli, unapita chini ya miti yenye popo wakubwa wamening'inia mchana kweupe. Magofu ya Kua, mji wa kale, yako kisiwa cha Juani, huko mwambie nahodha mapema mwende na maji kujaa na mrudi kabla hayajatoka, la sivyo mtakaa kwenye mikoko mkisubiri.

Jibondo ukienda kuona mafundi wa majahazi beba maji yako ya kunywa ya kutosha, kisiwa chenyewe hakina maji ya asili yasiyo ya chumvi, kwa miaka mingi wenyewe walikuwa wanakinga ya mvua na mengine yanaletwa na vyombo, kwahiyo sio vizuri kwenda kuwaomba.