Namna ya Kukusanya Kumbukumbu za Nyuma ya Kamera za Kipindi cha Rock and Roll

Katika miaka ya 1950 na 1960, miji mingi ya Marekani ilikuwa na kituo cha televisheni kilichorusha kipindi chake cha rock and roll, ambamo vijana wa sekondari walicheza mbele ya kamera baada ya masomo, na wanamuziki waliokuwa wakipita mjini walikaribishwa kuimba wimbo mmoja au miwili. Kipindi cha Philadelphia kilichoanza mwaka 1952 katika kituo cha WFIL kilijulikana nchi nzima kwa jina la American Bandstand baada ya ABC, mtandao wa televisheni wa nchi nzima, kuanza kukirusha Agosti 1957, lakini vingi vya aina yake havikuvuka eneo la mji vilipozaliwa. Anayetaka kuandika historia ya kipindi kama hicho hana budi kuwategemea watu waliokitengeneza, kwa sababu mara nyingi picha zenyewe hazipo.

Ni muhimu kuelewa kwa nini hazipo. Vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa. Mashine ya Ampex ya kurekodi picha kwenye kanda ilizinduliwa mwaka 1956, na kanda yake yenye upana wa inchi 2 ilikuwa ghali kiasi kwamba vituo vilifuta kipindi cha wiki iliyopita ili kurekodi kingine juu yake. Njia ya zamani zaidi, ya kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, nayo ilikuwa na gharama ambayo kituo kidogo hakikuona sababu ya kuibeba kwa ajili ya vijana wanaocheza muziki. Kwa hiyo usisubiri kupata kanda ndipo uanze mahojiano. Mpiga kamera aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1960 alizaliwa mwaka 1935, na kila mwaka unaopita bila kumtafuta ni hasara isiyofidika.

Mtangazaji ndiye anayekumbukwa na wote, na kwa sababu hiyo hiyo simhesabu kuwa mtu wa kuanza naye: ameulizwa mara nyingi, na majibu yake yamekwisha kukaa katika umbo moja lisilobadilika. Anza na mpiga kamera, fundi sauti, fundi wa taa, aliyechagua picha katika chumba cha mitambo, karani aliyepokea barua za watazamaji na kupanga orodha ya vijana wa kuingia studio, na wachezaji wenyewe. Majina yao hupatikana katika vitabu vya kumbukumbu vya mwaka vya shule za sekondari, katika vyama vya wastaafu wa vituo, na katika magazeti ya mji yaliyohifadhiwa kwenye maktaba za umma. Kila unapomaliza mahojiano, omba majina ya watu wengine wawili waliokuwa zamu moja na unayezungumza naye.

Kabla ya kuonana na mtu, tengeneza kalenda. Ratiba za televisheni zilizochapwa na gazeti la mji zitakupa siku na saa za kipindi, na orodha za nyimbo za kila wiki za jarida la Billboard zitakuonyesha wimbo fulani ulivuma lini. Kalenda hiyo usiitumie kumsahihisha mzee wa watu katikati ya maneno yake. Ni ya kukusaidia wewe kujua mahali pa kuuliza zaidi.

Maswali yenyewe ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Ukimuuliza mpiga kamera mwanamuziki fulani alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu kwamba alikuwa mpole, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize alisimama wapi, alishika nini, alimsikiliza nani kwenye visikizi. Kamera nyingi za wakati huo hazikuwa na lenzi ya kuvuta picha karibu. Zilikuwa na lenzi kadhaa kwenye sahani ya mbele, na mpiga kamera aliizungusha kwa mpini ulio nyuma, jambo aliloweza kulifanya tu wakati taa nyekundu ya kamera yake imezimika na picha ya kamera nyingine iko hewani. Aidha, akiielekeza kamera kwa muda mrefu kwenye kitu chenye mwanga mkali kisichosogea, alama ya kitu hicho iliganda ndani ya bomba la kamera, yaani kioo kilichonasa picha, na kuendelea kuonekana juu ya picha zilizofuata. Mtu aliyefanya kazi hiyo akiulizwa juu ya mpini na alama hizo, mikono yake huanza kuonyesha kabla mdomo haujasema, na kutoka hapo hukumbuka sakafu, joto la taa, nyaya zilizovutwa kati ya miguu ya wachezaji, na hatimaye yule mwanamuziki mwenyewe.

Fundi sauti muulize kuhusu santuri. Wageni wengi hawakuimba kwa sauti yao. Santuri ilichezwa kutoka chumba cha mitambo, nao wakafuatisha kwa midomo. Uliza ilikuwaje sindano iliporuka, kama gitaa lilichomekwa mahali popote, na mpiga ngoma alifanyaje ili vyombo vyake visisikike.

Yapo mambo mazito ambayo hayafai kurukwa kwa kisingizio cha heshima. Huko Baltimore, kipindi cha Buddy Deane kiliwatengea vijana weusi siku zao maalumu, na kikafungwa Januari 1964 baada ya mvutano kuhusu kuwaruhusu wacheze pamoja na weupe. Muulize kila mhojiwa nani aliruhusiwa kuingia mlangoni na nani alikataliwa, na uwatafute waliokataliwa pia, maana hao hawamo katika orodha yoyote ya kituo. Vilevile uliza kuhusu malipo ya siri ya kampuni za rekodi kwa watangazaji ili nyimbo zao zichezwe, ambayo Bunge la Marekani liliyachunguza mwaka 1960 na kumwita hata Dick Clark, mtangazaji wa American Bandstand, kutoa ushahidi. Maswali haya yaulize katikati ya mazungumzo, wakati mhojiwa amekwisha kukuamini.

Kupima ukweli wa kumbukumbu ni kazi ya baadaye. Mwimbaji Otis Redding alionekana katika kipindi cha Upbeat cha Cleveland Jumamosi tarehe 9 Desemba 1967, akafariki kesho yake kwa ajali ya ndege. Siku ya namna hiyo ni nanga nzuri ya tarehe, lakini pia huwavuta watu ambao hawakuwapo, nao huamini kwa moyo safi kwamba walikuwapo. Anayesema alikuwa studio mwombe aeleze zamu yake ilianza saa ngapi na nani alikuwa pembeni yake, kisha mfuate huyo wa pembeni.

Upande wa kurekodi hauna mengi: tumia kinasa sauti kizuri mahali pasipo na kelele, pata idhini ya maandishi inayotaja matumizi ya mazungumzo, na hifadhi nakala tatu mahali tofauti.

Ikitokea mhojiwa akatoa kanda ya zamani kutoka stoo, usikubali ichezwe kwenye mashine yoyote iliyo karibu, kwa kuwa gundi inayoshikilia unga wa sumaku huharibika kwa miaka na kanda inaweza kubanduka wakati inapozunguka. Piga picha ya lebo, andika anachokumbuka kuhusu aliyeiandika, isimamishe wima mahali pakavu pasipo na joto, kisha wasiliana na hifadhi ya nyaraka yenye mashine ya inchi 2 inayofanya kazi kabla ya kuisafirisha.