Somo: Kuchagua spika ndefu za kusimama, kwa muziki na sinema, katika nyumba zetu za Nairobi

Kila wiki napokea ujumbe ule ule: "Nataka spika za kusimama, nisikilize rumba na pia nitazame sinema. Ninunue gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na majibu yenyewe yanapotelea kwenye simu za watu. Kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Niseme msimamo wangu mapema: hizo spika mbili za mbele zichague kwa ajili ya muziki. Sinema itakamilishwa na spika ya kati na sabwufa, ile spika ya besi ya chini peke yake. Spika inayoimba vizuri haishindwi na sinema, lakini ile uliyoinunua kwa sababu ilitikisa vioo vya duka itakuchosha kabla albamu ya taarab haijafika katikati.

Hatua ya 1. Pima sebule. Urefu, upana, na umbali kutoka kochi hadi runinga. Andika.

Hatua ya 2. Ijue amplifaya yako. Kwenye karatasi ya spika tafuta vitu viwili: omu (jinsi spika inavyozuia umeme) na sensitiviti. Sensitiviti ni desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo spika hutoa ikipewa wati moja, ikipimwa mita moja mbele yake. Ikizidi kwa dB 3, inahitaji nusu ya wati kwa sauti ile ile. Ikizidi kwa dB 10, inahitaji sehemu moja ya kumi. Kwa rumba ya jioni wati chache tu zinatosha, hata kwa spika ya dB 86. Sinema ndiyo inayodai: kipimo cha kumbi za sinema kinaruhusu kilele cha dB 105 kwa kila chaneli kuu, na ukikaa mita 3, spika ya dB 86 ingetaka zaidi ya wati 300 kukifikia. Ya dB 92 ingetaka robo yake. Ghorofani hakuna anayefungulia hivyo, ila hesabu hiyo inakuonyesha kwa nini mwenye risiva ndogo (risiva ni amplifaya yenye chaneli za sinema) atafute spika nyepesi kusukuma.

Angalia mtego mmoja: watengenezaji wengi hupima kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati moja, kwa ya omu 4 ni wati mbili. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa dB 90 ilinganishe na ya omu 8 yenye 87. Na wati za risiva zisome pale palipoandikwa omu 8, 20 Hz hadi 20 kHz (Hz ni mitetemo kwa sekunde), chaneli mbili zikifanya kazi. Zile zilizopimwa kwa 1 kHz na mkwaruzo wa asilimia 10 ziache kwenye boksi.

Hatua ya 3. Spika zitasimama wapi? Hapa ndipo nilipopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Nilinunua spika zenye wufa (koni za besi) mbili mbili za inchi 8 na tundu la hewa nyuma, nikazibana ukutani kwenye sebule ya futi 12 kwa 15. Noti moja ya gitaa la besi ikawa inavuma kuliko zote na majirani zake zinamezwa. Nikadhani amplifaya ni mbovu, nikaibadilisha, na mvumo ukabaki pale pale, kwa sababu ulitoka kwenye chumba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chukua urefu wa chumba kwa mita, uzidishe kwa mbili, kisha gawa 343 kwa jibu hilo, utapata Hz ambayo chumba chenyewe huikuza. Futi 12 ni kama 47 Hz, futi 15 ni kama 38 Hz. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni 41 Hz. Yaani noti za chini za besi ya rumba zinatembea juu ya maeneo hayo hayo. Ukisoma sifa za spika zilizoandikwa Marekani, kumbuka nyumba nyingi za kule ni mbao na bodi, na besi hupenya ikatoka. Kuta zetu za mawe na slabu ya zege huirudisha ndani, na sakafu ya vigae humaliza kazi kwa kurudisha sauti kali.

Kwa hiyo:

- Tundu likiwa nyuma, acha sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani. Huna nafasi hiyo? Tafuta yenye tundu mbele, au boksi lililofungwa kabisa. Ukuta bado utaongeza besi, ila utaongeza kwa kiasi.
- Usiingize spika kwenye kona. Kona ni kuta mbili, besi inazidi mara ya pili.
- Kochi lililoegemea ukuta ni nusu ya tatizo, kwa sababu mvumo hujaa ukutani. Livute mbele hata futi moja, kisha usikilize tena.
- Sebule ikiwa chini ya futi 12 kwa 12, wufa za inchi 5 au 6 na nusu zinatosha. Wufa kubwa kwenye chumba kidogo hazikupi besi zaidi, zinakupa mvumo zaidi.
- Kama umeshanunua, kunja soksi safi uzibe nayo tundu, kisha usikilize. Ni njia halali kabisa, na kampuni kadhaa huuza spika pamoja na sponji ya kazi hiyo hiyo.

Zulia mbele ya spika na pazia nzito hufanya kazi ambayo hakuna waya wa bei ghali utakaoifanya.

Hatua ya 4. Sikiliza mwenyewe. Nenda Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme hapa Nairobi, asubuhi siku ya kazi, kabla maduka hayajaanza kushindana kwa kelele. Beba muziki unaoujua kwa moyo: rumba yenye besi inayotembea, sauti ya mtu mmoja, na kitu chenye makofi au vigelegele. Mwombe muuzaji arudishe besi na trebo katikati. Kisha jiulize: kila noti ya besi naisikia ikiwa peke yake, au yote ni dum dum moja? Sauti ya mwimbaji inatoka katikati ya spika mbili, hewani, au imegandamana na boksi moja? Ukilinganisha jozi mbili, hakikisha sauti iko sawa. Ile iliyofunguliwa juu kidogo hushinda kila mara, hata kama ni dhaifu.

Hatua ya 5. Spika ya kati. Iwe ya kampuni na familia ile ile ya spika za mbele, kwa sababu mazungumzo mengi ya sinema hupita hapo. Huipati? Kaa bila. Mwambie risiva hakuna spika ya kati, itagawa maneno kwa spika mbili za mbele, na ukikaa katikati hutakosa kitu. Ya kuokoteza ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Hatua ya 6. Ukinunua ex-UK. Soko letu limejaa Wharfedale, Mission, KEF na Tannoy zilizotumika, na mimi nazipenda kuliko mpya nyingi za bei hiyo. Lakini kagua. Ondoa kitambaa cha mbele. Gusa ukingo wa koni: ukiwa wa sponji, baada ya miaka hukatika kama keki kavu, wakati wa mpira huishi muda mrefu. Tandaza vidole, sukuma koni taratibu, usikilize kwa sikio la karibu. Ikikwaruza, koili inagusa, iache. Pima kwa mita: spika ya omu 8 husoma kama 6, ya omu 4 husoma kama 3. Nyuma ikiwa na vishikio vinne vya nyaya, angalia kama vile vibati vinavyounganisha vya juu na vya chini vipo. Mara nyingi hupotea, halafu mtu anaambiwa twita (spika ndogo ya sauti za juu) imekufa kumbe haipati umeme. Kipande cha waya kinatosha.

Hatua ya 7. Nyaya. Shaba halisi, mm² 2.5, nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili.

Hatua ya 8. Mipangilio ya risiva. Kwenye menyu weka spika za mbele kuwa "ndogo" (Small), hata zikiwa na urefu wa kiuno, na krosova, yaani mpaka wa kugawa besi, 80 Hz. Besi ya chini iende kwa sabwufa. Ukirudi kwenye muziki, bonyeza kitufe cha kupitisha sauti moja kwa moja, spika zako zicheze zenyewe kutoka juu mpaka chini. Hapo ndipo utajua kama ulichagua vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Bonde la Kayole: Bosi somo refu sana. Taja tu jina la spika nzuri tumalize.

Mwandishi: Hatua ya 1. Nipe vipimo vya sebule na jina la amplifaya, nitataja.

Jamaa wa Decibel: Kuna redio hapa mtaani imeandikwa wati 10,000 PMPO na bei ni rahisi. Kwa nini nihangaike na hizi za wati 100?

Mwandishi: Plagi yetu ina fyuzi ya ampia 13 na stima ni volti 240. Zidisha. Ni wati 3,120 kwa kila kitu kinachoweza kupita pale. Hizo nyingine zinatoka wapi?

Jamaa wa Decibel: Lakini inalia kwa nguvu mkuu, nimeisikia.

Mwandishi: Sijasema hailii. Nimesema namba ya PMPO, ile ya kilele cha kufumba na kufumbua, ni ya uongo. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo, ndipo tuzungumze.

Mwanafunzi wa Sauti: Shikamoo mwalimu. Kwa nini 80 Hz hasa? Spika zangu zimeandikwa zinashuka hadi 35 Hz, naona kama ninazinyima kazi.

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na nimefurahi umesoma mpaka mwisho. Sababu ni tatu. Kwanza, chini ya takriban 80 Hz sikio halijui sauti inatoka upande gani. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa zaidi ya mita 4, linajaza sebule nzima, kwa hiyo sabwufa ikiwa pembeni hutaigundua. Ndiyo maana THX, wanaoweka viwango vya sauti za sinema, walichagua namba hiyo. Pili, besi ya chini ndiyo inayokula wati. Ukiiondoa, risiva inapumua na sauti za watu zinakuwa safi. Tatu, mahali pazuri pa besi si lazima pawe mahali pazuri pa kuimba, na sabwufa unaweza kuihamisha peke yake. Na hiyo 35 Hz, angalia imepimwa vipi: ikiwa sauti hapo imeshuka kwa dB 3 tu (−3 dB) ni habari njema, ikiwa imeshuka kwa dB 10 (−10 dB) tayari imedhoofika sana. Jaribu 80, kisha 60, uniambie masikio yako yamesemaje.

Mama Neema: Habari za kazi. Sisi tuko ghorofa ya tatu, Roysambu. Mume wangu anataka sinema usiku baada ya watoto kulala, na kereteka ameshatuonya mara moja. Tuachane na sabwufa?

Mwandishi: Nzuri, Mama Neema. Msiachane nayo, ishusheni. Besi hupita kwenye slabu kama hodi, kwa hiyo iwekeni sabwufa juu ya sponji nzito, mbali na ukuta mnaoshirikiana na jirani. Halafu kwenye risiva tafuteni mpangilio wa usiku: unapunguza milipuko na kuinua maneno, hivyo hamtashika rimoti kila dakika. Spika ya kati iongezeni dB 2 au 3. Na kereteka ana haki. Kanuni za kelele za 2009 zimeweka kiwango cha usiku chini ya cha mchana.

Mama Neema: Asante sana. Na watoto wanaobonyeza twita kwa kidole?

Mwandishi: Kitambaa cha mbele kibaki mahali pake. Ikishabonyea, acha fundi aiguse, msijaribu kuivuta wenyewe.

Bonde la Kayole: Haya mkuu, nimepima. Futi 10 kwa 11, risiva ni Yamaha ya wati 70. Kochi liko ukutani, siwezi kulisogeza.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Chumba hicho ni kidogo kwa spika ndefu zenye wufa za inchi 8. Tafuta Wharfedale au Mission nyembamba ya wufa ya inchi 6 na nusu, omu 8, dB 88 kwenda juu, tundu mbele. Na usikatae ndogo za kuweka kwenye stendi. Pamoja na sabwufa ya inchi 8 zitakupa besi safi kuliko spika ndefu iliyobanwa. Kwa kuwa kochi limekwama, tundika pazia nzito ukuta wa nyuma. Besi haitasikia, ila makelele ya juu yatatulia.

Shemeji wa Diaspora: Shemeji yangu ameniletea risiva kutoka Marekani. Nichomeke?

Mwandishi: USICHOMEKE. Soma nyuma. Ikiwa imeandikwa 120 V peke yake, volti 240 itaiunguza. Nunua transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa hapo nyuma. Chache zina swichi ya kuchagua volti. Kama ipo, igeuze ikiwa haijachomekwa.

Fundi Pipeline: Naongezea: hata ya 240 wekeni gadi, ile inayokata stima ikipanda au kushuka na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Risiva nyingi zinazofika mezani kwangu zimepigwa na stima iliporudi kwa kishindo.

Mwandishi: Kweli kabisa, fundi. Asante.

Mwanafunzi wa Sauti: Mwalimu, na waya wa shaba nitautambuaje dukani? Wote unaonekana mwekundu.

Mwandishi: Omba kipande, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukitokea weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati. Hiyo ya aluminiamu si sumu, ila hukatika ukiikunja mara kadhaa na inapitisha umeme kwa shida zaidi, kwa hiyo chukua nene zaidi na ulipe bei ya aluminiamu, si ya shaba.