Ripoti ya tiba kazi katika ombi la fedha za ulemavu: ninavyoiandaa hapa Lamu

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku) aliyepangiwa Lamu karibuni, na pia wa mzazi au mlezi anayeshangaa kwa nini huyu "daktari wa mazoezi" anauliza mambo ya chooni. Nitaeleza ninavyoandaa ripoti ya kusindikiza ombi la fedha au kifaa cha serikali.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba jina la ugonjwa peke yake halimpatii mtu kitu. Afisa anayepitia faili hajamwona mgonjwa wala hajapanda ngazi za nyumba yake. Alicho nacho mezani ni maneno yako. Katiba ya Kenya, kifungu cha 260, inautambua ulemavu kwa athari yake kubwa au ya muda mrefu juu ya uwezo wa mtu kufanya shughuli za kawaida za kila siku. Shughuli za kila siku ndizo tulizosomea sisi, kwa hiyo sehemu hiyo ya faili usiiache wazi ukitumaini daktari ataijaza.

Hatua ya 1: Uliza ni fedha gani inayoombwa

Watu husema "pesa za walemavu" kana kwamba ni mfuko mmoja. Kuna Inua Jamii, ambayo huipa KSh 2,000 kwa mwezi kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa wakati wote. Kuna mfuko wa maendeleo ulio chini ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, unaosaidia vifaa, karo na zana za kazi. Halafu kuna msamaha wa kodi kwa wenye mshahara, ambapo KSh 150,000 za mwanzo za mapato ya kila mwezi hazikatwi kodi. Huu wa tatu waalimu na wafanyakazi wa kaunti wengi hawaujui, au wanaujua na wanaona haya kuuomba.

Kila ombi lina swali lake. La Inua Jamii linataka kujua mlezi anafanya nini na kwa saa ngapi. La kifaa linataka kujua kifaa kitabadilisha nini. La zana za kazi, kama cherehani, linataka kujua kama mikono, macho na mgongo vitaimudu hiyo kazi. Ukiandika ripoti moja ya kutumika kote, haitajibu hata swali moja kati ya hayo.

Yote hupitia mlango mmoja: tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha usajili wa Baraza kupitia eCitizen.

Hatua ya 2: Nenda nyumbani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka kwa sababu foleni hospitalini ni ndefu. Mtu akipimwa kwenye sakafu sawa ya kliniki, yenye vyuma vya kushikilia ukutani, ataonekana anajiweza. Mtu huyohuyo kwake mtaa wa Langoni, mjini Lamu, ana kizingiti cha kuvuka, ngazi za mawe zenye mwinuko mkali, na choo cha kuchuchumaa. Akitoka nje ni kichochoro chenye mtaro, na punda aliyebeba mchanga anakuja mbele, hana breki.

Panga safari kwa maji. Ukienda Faza au Kizingitini kwa njia ya mlango wa bahari wa Mkanda, boti hupita maji yakijaa; yakitoka mtakwama. Epuka Ijumaa mchana. Kama wewe ni mwanamume na mgonjwa ni mwanamke, fuatana na muuguzi wa kike, au hakikisha yupo jamaa yake wa kike chumbani. Usipofanya hivyo utaonyeshwa mkono na mguu tu, na mengine yote utaambiwa ni mazima.

Kisha kuna stara. Ukiuliza "anaweza?", jibu utakalopewa limevaa kanzu na kofia. Mazungumzo huenda hivi:

"Bi mkubwa, mzee anaoga mwenyewe?"

"Alhamdulillahi, anaoga, mwanangu."

"Hebu nieleze jana alivyooga."

"Jana? Jana nduguye alimshika kwapani, mimi nikamwagia maji."

Hakuna aliyesema uongo hapo. Bi mkubwa anamhifadhi mumewe mbele ya mgeni, na wewe umemuuliza swali linalomtaka amvunjie heshima. Kwa hiyo acha "anaweza?" na uulize "jana ilikuwaje?", halafu uombe uonyeshwe. Mwombe mzee ainuke kitandani, aende mpaka mlango wa choo, arudi. Mwombe avae shati. Mwombe atawadhe, maana kutawadha peke yake kunakuonyesha usawa wa mwili, kuinama, kushika kopo na kunyanyua mguu, na hakuna mzee atakayeona ni mchezo wa kitoto kama kupanga vijiti kwenye ubao.

Andika vipimo papo hapo: upana wa mlango, urefu wa kizingiti, idadi ya ngazi na kama zina pa kushika, maji yanatoka wapi, nani hubeba. Uliza pia alikuwa akifanya nini kabla. Kushona nyavu, kuranda mbao za jahazi Matondoni, kusuka ukili, kusomesha chuo cha Kurani, yote ni shughuli, na kila moja ina vitendo unavyoweza kuvipima.

Hatua ya 3: Pima kwa kipimo kinachojulikana

Simulizi bila nambari husomwa kama huruma. Kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa viungo naanza na kipimo cha Barthel: vipengele 10 vya kujihudumia, jumla ya alama 100, na alama zikipanda ndivyo mtu anavyojiweza zaidi.

Tuchukue mvuvi aliyepooza upande wa kulia. Kula 5, kuoga 0, kunyoa na kupiga mswaki 0, kuvaa 5, haja kubwa 10, mkojo 5, kutumia choo 5, kutoka kitandani hadi kitini 10, kutembea 10, ngazi 0. Jumla ni 50. Usiishie kwenye jumla. Ile sifuri ya ngazi, katika nyumba ambayo choo na chumba vimetenganishwa na ngazi, ina uzito kuliko ile 50 yote.

Barthel haioni akili. Kijana mwenye skizofrenia anaweza kupata 100 kamili, na bado mamake hathubutu kumwacha na jiko linalowaka. Kwake tumia WHODAS 2.0 ya Shirika la Afya Duniani, inayouliza juu ya siku 30 zilizopita na kugusa kuelewa, kuishi na watu, kazi za nyumbani na kushiriki katika jamii. Kwa mtoto, linganisha na wenzake wa umri huo: mtoto wa miaka 2 asiyejivisha nguo hana tatizo, wa miaka 9 analo. Mwenye mtindio wa ubongo mtajie ngazi yake katika GMFCS, mfumo wa kupanga uwezo wa mtoto wa kujongea na kutembea, 1 hadi 5.

Hatua ya 4: Andika

Ripoti yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini kasoro zake ni zilezile kwa lugha yoyote. Hii ndiyo sentensi ninayokutana nayo kwenye faili nyingi:

"Mgonjwa ana kiharusi na udhaifu wa upande wa kulia. Anahitaji msaada."

Msaada gani? Wa nani? Mara ngapi? Sasa soma hii:

"Hawezi kupanda ngazi 14 za kwenda chooni bila watu wawili kumshika. Huenda mara tano kwa siku, na mara moja usiku. Mkewe, ambaye magoti yanamsumbua, ameacha kuuza mahamri asubuhi ili awepo. Mwanawe akiwa baharini, mzee hutumia ndoo chumbani."

Hakuna neno "maskini" wala "anateseka" hapo, na afisa ameelewa. Kila sentensi ijibu angalau mawili kati ya haya: kitendo gani, mahali gani, nani anasaidia, mara ngapi, kinatokea nini msaada usipokuwepo.

Kuhusu kutia chumvi: usitie. Familia zitakuomba uandike kwamba mtu halali, hali, haongei. Waeleze kwa upole kwamba kamati ya tathmini itamwona mtu huyohuyo, na ripoti ikisema hatembei kisha akaingia na mkongojo, hata yale ya kweli hayataaminika. Kama ana siku nzuri na mbaya, sema hivyo, na utaje za wiki nzima. Mwenye kifafa au maumivu ya mgongo huumizwa sana na ripoti inayoeleza siku moja tu.

Tarehe ya kuanza kwa tatizo isikosekane. Sehemu kubwa ya nafuu ya kiharusi huja katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo ripoti ya wiki ya pili haimwambii mtu kitakachobaki. Eleza tiba iliyokwisha kutolewa na unachotarajia: kitadumu, au kipimwe tena baada ya muda gani.

Maliza kwa jina, cheo, saini, tarehe na nambari yako ya usajili. Taaluma yetu ina sheria yake tangu 2017, na ripoti ya asiyesajiliwa ni karatasi tu.

Hatua ya 5: Kama ni kifaa, eleza kipi hasa

"Apewe kiti cha magurudumu" ni sawa na kumwandikia mtu "apewe dawa". Chukua futi ya fundi cherehani. Upana wa nyonga akiwa amekaa ndio upana wa kiti. Pima kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 6, ili ukingo usimkate. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni kwa ajili ya pa kuwekea miguu, na kumbuka kuondoa unene wa mto. Aliyeumia uti wa mgongo na hahisi makalio lazima apate mto wa kupunguza mgandamizo; uandike kama sehemu ya kiti, usije ukaondolewa kama pambo.

Halafu mahali. Kiti cha magurudumu matatu, kirefu, hufaa njia mbovu za Mpeketoni na Witu. Mjini Lamu kinaweza kukwama kwenye kona ya kichochoro, na kwenye mchanga wa Shela magurudumu membamba huzama. Pima kichochoro chembamba zaidi kati ya nyumba yake na anakotaka kwenda. Wakati mwingine jibu sahihi ni kiti cha choo, chuma cha kushikia ukutani na kuhamishia kitanda chumba cha chini, na kiti cha magurudumu kibaki cha safari za hospitali.

Hatua ya 6: Faili

Kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi kwa mtoto, picha, fomu ya tathmini iliyojazwa kila ukurasa, akaunti ya eCitizen. Majina yalingane kwenye karatasi zote. Mohamed kwenye kitambulisho na Muhammad kwenye fomu ni safari nyingine ya boti kutoka Kiwayu. Kwa Inua Jamii familia izungumze pia na chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa kuwa wapya huandikishwa kwa awamu, na orodha ikifungwa inakuwa imefungwa.

Nakala moja ibaki na familia, nyingine kwako.

Hatua ya 7: Kifaa kikifika

Viti vingi hukabidhiwa kwenye hafla yenye hotuba na picha, vyote saizi moja. Mwambie mlezi akupigie simu siku hiyohiyo. Kagua kiti mtu akiwa amekikalia, rekebisha pa kuwekea miguu, mfundishe kujiinua kupunguza mgandamizo, na baada ya wiki moja umtazame ngozi ya makalioni. Mlezi afundishwe kufuta chumvi kwa kitambaa kikavu na kupaka mafuta kwenye beringi, maana hewa ya bahari hula chuma upesi. Kiti kisipomfaa, rudi kwenye vipimo vya hatua ya 5, andika ukurasa mmoja unaoonyesha tofauti kati ya ulichopendekeza na kilicholetwa, na uupeleke ofisi ya Baraza pamoja na nakala ya ripoti ya kwanza.