Mguu wa boti umeshika kutu? Mambo ya kuzingatia kabla hujagusa spana

Boti za mguu wa nyuma, yaani zile injini iko ndani halafu mguu wa gia na propela umening'inia nje kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, hapa kwetu Mombasa zikisimamishwa msimu wote wa kusi bila kuguswa, kaskazi inapokaribia mtu anataka kuutoa mguu afanye sevisi na mguu hautoki. Nati ushafungua zote, umevuta, umetikisa, wapi. Hapo ndo boti huharibika, manake mtu hukimbilia nyundo na mtaimbo, na aluminiamu haisamehi, ikishapasuka au uso wake ukishachimbwa hapo panapokutana mguu na boti, maji yatapita tu hata upake gundi gani. Mimi naamini kabisa miguu mingi ingepona kama mwenye boti angetulia siku moja tu akajua kwanza umeshika wapi.

Manake kuna sehemu tatu na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni stadi zenyewe, zile bolti zisizo na kichwa ambazo nati hufungwa juu yake. Kwenye miguu ya kampuni ya MerCruiser, ambayo ni mingi, mguu unashikwa na nati 6, tatu kila upande, na kwa modeli ya Alpha One spana yake ni inchi 5/8. Stadi ni chuma, mguu ni aluminiamu, katikati kuna maji ya chumvi, na metali mbili tofauti zikikutana ndani ya chumvi ile dhaifu huliwa. Ukiona unga mweupe umejaa kuzunguka stadi, mgumu kama chokaa, huo ni aluminiamu iliyoliwa, umejaza ile nafasi ndogo baina ya stadi na tundu lake na umebana kuliko nati ilivyokuwa ikibana. Ya pili ni beringi ya gimbal (gimbal ni kitako cha mguu kwenye tezi pamoja na pete yake ya kugeukia), ile kubwa iliyo ndani ambayo shafti inayotoa nguvu kwenye injini kupeleka kwenye mguu inapita katikati yake. Mpira wa mikunjo, ule unaoifunika shafti baina ya boti na mguu, ukipasuka maji ya bahari yanaingia pale, beringi inaoza inashikana na shafti. Ya tatu ni meno ya shafti mbele kabisa yanapoingia kwenye kapla, kile kiungo cha nyuma ya injini, yasipotiwa grisi miaka na miaka yanaganda humo humo.

Sasa utajuaje? Fungua nati mpaka zibaki nyuzi chache za mwisho, USIZITOE KABISA, nitaeleza kwa nini. Kisha chukua kitu chenye ncha ukwaruze alama ndogo ikivuka pale mguu unapokutana na boti, juu na chini, pande zote mbili. Tikisa mguu kulia kushoto uangalie zile alama. Kama hakuna hata ufa wa unene wa karatasi, basi stadi ndo zimekamata, usihangaike na ndani. Kama mguu umerudi nyuma sentimita moja au mbili vizuri, halafu ukasimama na ukivuta unarudi kama una springi, stadi zishaachia, shida iko ndani kwenye beringi au kapla, na hapo hata umwage oili lita nzima kwenye stadi ni bure. Na kama shida yako ni usukani haugeuki, hiyo kazi nyengine, ni pini ya usukani ndani ya ile pete ya gimbal, usivute mguu ukidhani ndo utatua.

Kabla ya hayo yote lakini, boti iko wapi? Nasema hili kwa nguvu, hii kazi haifanywi boti ikielea na haifanywi ufukweni kwa kungoja maji kupwa. Mguu ukitoka unaacha tundu kwenye tezi pale shafti inapopita, maji yakifika hapo yanaingia ndani moja kwa moja. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa sita tu, sasa wewe una mguu ulioshika ambao pengine utachukua siku nne, maji ya hori la Tudor au Mtwapa hayatakungoja. Ipandishe kwenye trela, sehemu ngumu iliyo sawa, magurudumu yakingwe mbele na nyuma, na tezi iwekewe vigogo chini manake utakuwa unavuta na kutikisa huko nyuma. Kivuli pia muhimu, si kwa raha, ni kwa kuwa dawa ya kupenyeza, ile oili ya kulegeza kutu, ikipigwa jua la saa saba inakauka kabla haijaingia.

Halafu moto. Petroli ikivuja mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na hauondoki wenyewe. Fungua mfuniko wa injini, acha hewa ipite, washa feni ya kutolea hewa dakika kadhaa, nusa kwa pua yako mwenyewe huko chini, kisha zima ndo uchomoe betri, waya wa negativu kwanza. Kizima moto kiwe karibu na mkono, kisiwe kwenye gari. Na ukitumia ile dawa ya kusafishia breki usije ukapasha moto mahali ulipoipuliza, baadhi zina klorini na zikipata joto kali zinatoa gesi ya sumu.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni gia. Kwa Alpha One gia lazima iwe mbele kabla ya kuvuta mguu, kwa Bravo, modeli nyengine ya MerCruiser, iwe nyutro. Usipofanya hivo ule mkono wa gia unanasa, wewe wadhani ni kutu kumbe unavuta chuma kilichofungwa, utakikunja na utaongeza gharama juu ya gharama. Volvo Penta wana mpangilio wao tofauti, tafuta kitabu cha modeli yako. Mguu uwe umeshuka chini, umenyooka, usukani katikati. Mwaga oili ya gia mapema kwenye ndoo, na uitazame, ikitoka rangi ya maziwa basi maji yashaingia na seal nazo zitahitaji kubadilishwa. Oili hiyo usimwage kwenye mikoko tafadhali.

Silinda mbili za kunyanyulia mguu zitolewe pini zake za nyuma na zifungwe kamba zisining'inie kwa paipu zake, na mguu wenyewe uwe umeshikiliwa na cheni bloki au jeki yenye magurudumu kabla hata hujaanza kutikisa. Huu mguu una uzito wa kama mfuko wa simiti, na Bravo ni zaidi. Ndo pale niliposema nati zibaki nyuzi chache: mguu ulioshika hautoki pole pole, unakaa siku tatu kimya halafu unaruka mara moja, na kama hakuna nati za kuuzuia utaangukia miguu ya mtu au utamvunja mkono kijana anayekusaidia.

Haya, dawa. Anza na maji matamu ya moto, mengi, mwagia pale kwenye stadi mara kadhaa manake chumvi huyeyuka kwa maji, oili haiiyeyushi. Acha pakauke. Kisha ndo penetreti oili, ile dawa ya kupenyeza, au wengi wanachanganya oili ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, inapenya vizuri sana ila inashika moto haraka na inakula rangi, kwa hiyo kidogo kidogo na mbali na cheche. Asubuhi na jioni, na kila ukipaka gonga kwa nyundo ya mpira kuzunguka, kugonga kwa wepesi kule ndo kunapasua ule unga mweupe oili ipate njia. Panga siku tatu nne za hivi, kama huna siku hizo usianze.

Ikigoma bado ndo tochi ya gesi. Aluminiamu inatanuka kama mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasha aluminiamu iliyozunguka stadi, usipashe stadi. Ila ujue aluminiamu haiwi nyekundu kukuonya, inayeyuka kwenye digrii 660 na inakuwa dhaifu mapema kabla ya hapo, hivyo pasha kwa kuzungusha, tonesha tone la maji, likichemka na kuruka hapo hapo inatosha, acha ipoe, ipake oili IKISHAPOA, rudia. Mpira wa mikunjo uko karibu hapo, ufunike kwa kitambaa kilicholoa. Na kabari za chuma usipige baina ya nyuso mbili, ukihitaji kusaidia tumia kabari za mbao ngumu, pande zote mbili sawasawa, na utazame zile alama zako.

Kama umeshika ndani, jiandae kwa mawazo mawili tu. Ama ukate mpira wa mikunjo, uone shafti, na uikate kwenye krosi, kile kiungo chake cha kukunjika, ili mguu utoke kisha ushughulike na kipande kilichobaki, ama ufungue mauntini za injini uisogeze mbele shafti iachane na kapla. Njia ya kwanza unapoteza shafti, ya pili unapoteza siku na unahitaji winchi. Mimi ningekata, manake shafti ambayo meno yake yameganda kwa kutu nayo haifai tena kurudishwa.

Kwa hiyo vipuri ndo vinunuliwe KABLA. Vingi huagizwa nje, na boti ikikaa na tundu wazi wiki sita inaoza zaidi. Piga picha namba ya siriali ya mguu na ya injini, maana uwiano wa gia unatofautiana, kisha agiza mipira ya mikunjo yote, beringi ya gimbal, gasketi na oringi za pale panapokutana, nati mpya 6, na zinki, vile vipande vya metali vinavyoliwa badala ya mguu. Zinki ziwe za maji ya chumvi, zinki zenyewe au aluminiamu, za magnesiamu ni za maji matamu zitaisha upesi hapa, na wala zisipakwe rangi. Rangi ya kuzuia magamba yenye shaba nayo isiguse mguu, shaba inaila aluminiamu. Ongeza grisi ya baharini na kifaa cha kulenganisha injini, kile chuma kirefu kinachopitishwa kwenye beringi mpaka kapla, azima kwa fundi kama huna, sababu beringi mpya ikiwekwa bila kulenganisha itakufa mapema. Wakati wa kurudisha paka grisi meno ya shafti na stadi zote, na nati zikazwe kwa spana ya toki mpaka 68 Nm, zile za upande huu na huu kwa zamu, usimalize upande mmoja kwanza.