Kugeuza tangi la maji chumvi kuwa la maji baridi

Kumwaga maji ya chumvi na kujaza ya bomba ni kazi ya saa moja. Kinachoua samaki wapya ni chumvi iliyojificha mchangani, viumbe wanaooza ndani ya mawe, na kichujio ambacho mwenye tangi anadhani kimekomaa kumbe kimeshakufa. Mfano wetu ni tangi la lita 200 lenye mchanga wa matumbawe kilo 40, na wakazi wapya ni sikilidi wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa sato na perege. Tumewachagua kwa sababu mchanga wa matumbawe ni chokaa: unapandisha pH na ugumu wa maji, na ziwa lenyewe lina pH ya karibu 8.6 hadi 9. Ukitaka neon tetra au discus, ambao ni samaki wa maji laini, chokaa yote itoke tangini na ununue mchanga wa mtoni. Usijaribu kupigana na chokaa kwa dawa za kushusha pH. Utashinda leo, kesho asubuhi pH imerudi palepale.

Hatua ya 1: Hamisha viumbe wote wa baharini

Samaki wa bahari hawazoeshwi maji baridi, hata upunguze chumvi polepole kiasi gani. Mwili wao umeumbwa kunywa maji ya bahari na kutoa chumvi. Kwenye maji baridi hujaa maji na kufa. Wapeleke kwa mfugaji mwingine au duka litakalowapokea. Usiwaachie baharini hata kama ufuo uko jirani, kwa maana wanaweza kubeba magonjwa ya tangini au kuwa wametoka bahari nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Toa mawe, kwa tahadhari

Mawe hai yana minyoo, sponji na matumbawe laini. Vaa glavu nene na miwani ya kinga. Usiyachemshe kamwe, wala usiyasugue kwa brashi yakiwa makavu. Matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali sana ambayo hupeperuka na mvuke na kumdhuru kila aliye ndani ya nyumba. Ushauri wangu ni kuyauza au kuyagawa kwa wenye matangi ya bahari yakiwa bado hai, kisha utumie mawe ya kawaida ya bara, magumu, yasiyotoa povu ukiyadondoshea siki.

Hatua ya 3: Mwaga maji

Yaelekeze kwenye bomba la maji taka. Lita 200 za maji ya bahari zina takriban kilo 7 za chumvi, kwa hiyo usimwagilie bustani.

Hatua ya 4: Mchanga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Amua kwanza kama mchanga unafaa kuokolewa. Uchimbe hadi chini kwenye kioo. Ukikuta tabaka jeusi linalonuka yai bovu, hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu. Fanya kazi hiyo nje penye upepo, na mchanga huo utupe. Utupe pia ikiwa tangi liliwahi kutiwa dawa ya shaba, kwa sababu chokaa hushika shaba na kuiachia taratibu. Konokono na kamba hawatadumu humo.

Mchanga uliopona usiuoshee ndani ya tangi. Watu hujaza, wanakoroga, wanamwaga, wanarudia, na bado chumvi imo. Hesabu yake ni hii: kilo 40 za mchanga, hata baada ya kumwaga maji yote unayoweza, hubaki na kama lita 10 za maji ya bahari katikati ya chembe. Hizo ni gramu 350 za chumvi. Ukijaza tangi, unapata karibu gramu 1.8 kwa kila lita, na hayo si maji ya ziwa.

Tumia ndoo ya lita 20. Weka mchanga robo ndoo, ingiza mpira wa maji hadi chini, fungua maji huku unakoroga kwa mkono mpaka yanayofurika yawe maangavu. Kisha loweka usiku kucha, maana chembe za matumbawe zina vitundu vinavyotoa chumvi polepole. Asubuhi pima maji yaliyolala ndooni, si yale yanayotiririka kutoka kwenye mpira. Mwaga, loweka tena, pima tena.

Kipimo kiwe cha TDS, kile cha kalamu, kinachosoma jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa miligramu kwa kila lita. Kipimo cha uzito wa maji ulichokuwa ukitumia kwenye tangi la bahari hakina msaada hapa. Kitasoma sifuri wakati bado kuna chumvi ya kutosha kuwasumbua samaki. Pima kwanza maji ya bomba yako, tuseme ni 200. Maji yaliyolala ndooni yakisoma 900, endelea. Yakishuka hadi 300 au chini, umekaribia. Yakigota kwenye tofauti ndogo isiyopungua hata ukibadili maji mara tatu, hiyo inayobaki ni chokaa inayoyeyuka, na hiyo tunaitaka.

Kwa walio pwani kuna mtego mwingine: maji ya visima vingi yana chumvi yenyewe. Kisima kikisoma 1,500, utaosha mchanga wiki nzima bila kuona mabadiliko. Tumia maji ya kisima kwa suuza za mwanzo tu, za mwisho ziwe za bomba au mvua, na tangi lisijazwe ya kisima hicho.

Hatua ya 5: Vifaa

Skima, kile kifaa kinachotoa uchafu wa maji ya bahari kwa povu, itoe uiuze. Kwenye maji baridi viputo vyake huungana na kuwa vikubwa, povu halikai, na kifaa hakifanyi kazi. Pampu na hita vinabaki. Ukoko mweupe wa chumvi kwenye kingo, mabomba na waya uloweke kwa siki nyeupe, kisha suuza. Ukitumia jiki popote, isikutane na siki. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Jaza maji bila mchanga, endesha pampu siku nzima ili chumvi ya ndani ya mabomba itoke, mwaga. Taa za matumbawe zipunguze hadi saa 6 au 7 kwa siku, la sivyo mwani utafunika kila kitu.

Hatua ya 6: Anza kichujio upya

Bakteria wa kichujio, wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitriti kisha nitrati, wakiwa wa bahari hawastahimili kuhamishwa ghafla kwenye maji baridi. Sponji isiyooshwa itaoza na kuongeza amonia, basi ioshe kabisa au weka mpya. Mimi napendelea sponji kubwa inayoendeshwa na pampu ya hewa: ni rahisi kuosha na haizibwi na mchanga.

Jaza tangi, ondoa klorini, weka hita kwenye nyuzi 28. Tia amonia hadi miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 200 ni kama gramu 1.3 hadi 1.5 za amoniamu kloridi. Pima kwa vipimo vya matone, si vya karatasi, na usome kadi ya rangi ya maji baridi, kwa kuwa baadhi ya vifurushi vina kadi mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda kisha ishuke, nitrati itabaki. Kipimo hicho cha amonia kikiisha ndani ya saa 24 na nitriti ikasoma sifuri, kichujio kiko tayari. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Kipande cha sponji kutoka tangi la maji baridi lenye samaki wazima hupunguza muda huo sana.

Usikomaze tangi hili kwa kutumia samaki. Kwenye pH 7 chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8.5 na nyuzi 26 ni karibu asilimia 16.

Hatua ya 7: Samaki

Badilisha maji mengi kushusha nitrati, teremsha joto hadi nyuzi 25 au 26. Neolamprologus multifasciatus wanane au kumi wanafaa sana: ni wadogo, wanaishi ndani ya makombe ya konokono, na hupenda kuchimba mchanga. Wape makombe matupu mawili au matatu kwa kila samaki, yenye mdomo wa sentimita 2 hadi 3. Wazoeshe kwa kudondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwenye chombo walichokuja nacho, kwa saa moja au mbili.

Kila wiki badilisha asilimia 20 ya maji, uweke mapya yaliyoondolewa klorini. Usijazie tu yaliyokauka, kwa kuwa madini hayakauki pamoja na maji. Endelea kupima TDS mwezi wa kwanza. Ikipanda kuliko ilivyokuwa siku ya kujaza, huenda mchanga bado unaachia chumvi: badilisha asilimia 30 kila baada ya siku mbili mpaka namba itulie.