Somo: Kupika chakula cha kwanza cha mtoto (miezi 6 hadi 8)

Mtoto akifikisha miezi 6, maziwa peke yake hayamtoshi tena. Kinachoanza kupungua ni madini ya chuma, kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha. Ndiyo maana sipendi ule mtindo wa kuanza na maji ya karoti yaliyochujwa mpaka yakang'aa. Tumbo lake linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Ukilijaza maji, umemshibisha bila kumlisha.

Kabla ya kuwasha jiko hakikisha shingo yake imekaza, anakaa akiegemezwa, na hasukumi kijiko nje kwa ulimi. Leo tunapika kiazi, boga na ini la kuku.

Hatua ya 1. Nawa mikono kwa sabuni, osha vyombo. Ubao uliokatia nyama mbichi usikatie mboga.

Hatua ya 2. Menya kiazi kimoja na kipande cha boga, katakata vipande vinavyolingana ili viive pamoja. Maji yavifunike tu. Vikiiva, maji hayo usiyamwage.

Hatua ya 3. Safisha ini, uangalie nyongo isipasukie humo. Lichemshe kwenye sufuria yake, kisha lipasue katikati: ukiona wekundu, lirudishe jikoni. Ini lina chuma kingi, lakini vitamini A nayo ni nyingi, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine tumia nyama, samaki aliyetolewa miiba, yai lililoiva kabisa au maharage yaliyomenywa.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ponda vyote kwa uma, kisha visugue kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Blenda si dhambi, ila inalainisha mno, na wapishi wengi huongeza maji ili izunguke vizuri. Wewe ongeza yale maji ya kuchemshia, au maziwa ya mama, kijiko kimoja kimoja. Halafu chota, inamisha kijiko. Kikitiririka, ni chepesi. Kinatakiwa king'ang'anie kwanza, ndipo kidondoke bonge.

Hatua ya 5. Tia mafuta kidogo ya kupikia. Chumvi na sukari hapana, hata kama wewe ukionja unaona hakina ladha.

Anza na vijiko 2 au 3, mara mbili kwa siku, ukiongeza taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kunyonyesha kunaendelea kama kawaida.

Cha akiba kiweke kwenye friji mara kikipoa, ukitumie ndani ya saa 24, au kigandishe kwenye trei ya barafu. Kipashe mpaka kifuke mvuke, mara moja tu, kisha kiache kipoe. Alichobakiza bakulini kitupe. Mate yake yameshaingia.

Maswali ya wanachama

*Dada, naweza kutia asali badala ya sukari?*
Hapana, mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga, na kuichemsha jikoni hakuviui.

*Wangu anatema kila kitu. Nisubiri mwezi mzima?*
Usisubiri. Pumzika siku hiyo, kesho mpe tena chakula kilekile. Wengine huhitaji kuonja mara 10 au zaidi ndipo wakubali. Usimshike pua wala kumlazimisha.

*Yai na karanga si vinaleta mzio? Nilitaka kuvichelewesha.*
Kuchelewesha hakumkingi. Anza na kidogo, kimoja kimoja, mchana ukiwa naye karibu. Karanga ziwe zimesagwa laini na kuchanganywa na chakula, kamwe zisiwe nzima, zitampalia. Kama ana ukurutu mkali au ameshawahi kupata mzio, ongea na daktari kwanza.

*Akikohoa na kufanya kama anataka kutapika, ndiyo anakabwa?*
Mara nyingi bado anajifunza kumeza. Akikohoa kwa sauti, mwache akitoe mwenyewe. Ukimya ndio wa kuogopa: asiyelia, asiyekohoa, midomo inabadilika rangi, huyo anahitaji msaada papo hapo. Kwa hiyo mlishe akiwa amekaa wima, na usimwache peke yake na chakula.

*Tangu aanze kula choo kimekuwa kigumu.*
Mpe maji safi kidogo kidogo baada ya chakula, na matunda yaliyopondwa kama papai au peasi. Ukiona damu, au tumbo limejaa na anatapika, mpeleke hospitali.